Kadi Inayosema Uko Iringa

Ipogolo, Iringa
12 Agosti 1974

Baba Tupokigwe wangu,

Huku hatujambo, ila baridi imetukamata. Mwanao ameng'oka meno mawili ya mbele na anauliza kama utamtambua.

Kazini bado natoboa kadi za walimu, zile zinazosomwa na kompyuta huko Dar. Wiki jana alikuja Mwalimu Kashindye wa Igowole, kahamishiwa Tabora bila kuomba. Nikaitafuta kadi yake. Jina lake refu lilizidi visanduku vya jina, herufi za mwisho zikamwagikia kwenye kisanduku cha kituo cha kazi, na kompyuta ikazisoma kama amri ya kumpeleka Tabora. Haiulizi, mume wangu. Inatii tu.

Basi nikajua. Nikilirefusha jina lako kwa la babu yako, nikamalizia kwa herufi za Iringa, utaondoka huko Ilomba unakofundisha kabla ya Krismasi. Miaka mitatu tunaandika maombi ya uhamisho, na hata jibu hatujapata!

Nikaitoboa kadi yako hivyo. Nikaishika mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha nikamfikiria mwalimu atakayeng'olewa hapa ili kukupisha wewe, naye ana mke. Nikamweleza mkubwa wangu yote kuhusu kosa lile. Sasa kila kadi inakaguliwa na watu wawili kabla ya kwenda Dar.

Usinisifu. Kadi yako sikuichana. Nailalia chini ya mto, maana ndiyo karatasi pekee inayosema uko Iringa.

Ni mimi ninayekungoja,
Mama Tupokigwe