Papa Abdulhamid Zuberi: Mwaka Mmoja Tangu Shimo la Tisa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe 15 Machi 1999, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba. Leo mwaka umetimia tangu siku ile, Papa Abdulhamid.

Ulikuwa na miaka kumi na minne uhuru ulipofika. Wazungu wa uwanja wa gofu waliondoka mbio, wakaacha fimbo zao. Ukaokota moja, ukajifunza kwa kuiga uliyoyaona ulipokuwa ukiwabebea mifuko. Ukawa bingwa wa nchi mara mbili, 1973 na 1976. Magoti yalipochoka, ukahamia televisheni ya mjini, na kwa miaka kumi na minane ulitangaza gofu kwa kunong'ona, kana kwamba mchezaji wa kwenye kanda angeweza kukusikia.

Ulikuwa mpole. Kila Ijumaa ulimpelekea samaki jirani yetu Mama Clémence, asiyeona, ukamtolea miiba kwa mkono wako. Lakini kosa hukuliacha lipite. Hata pilau ya harusi ya binti yako Fatouma uliisahihisha mbele ya wakwe.

Waasi walipoutawala mji, kamanda wao alitaka kucheza nawe, kamera zikiwepo. Mkeo Kadidja alikufungia vifungo vya shati.

"Papa Fatouma, ule mutu hapendi kushindwa. Umupotezee."

"Nitamupotezea, mama."

"Na usimufundishe."

Ulicheka.

Ahadi uliitimiza. Jumamosi, kwenye shimo la tisa, mpira ukiwa hatua mbili tu kutoka shimoni, ulikosa. Kamanda alishinda kwa pigo moja, akakukumbatia. Kadidja alipika kuku.

Kosa lilikuja Jumapili. Kanda ilirushwa saa kumi na mbili jioni, nawe ukiitangaza moja kwa moja kutoka studio. Hubert, mpiga picha, anakumbuka kila neno. Pigo lile lilipofika, uliomba lirudiwe polepole, kama ulivyozoea kwa kila mchezaji. Ukanong'ona:

"Tazameni mukono ya kushoto. Imefunguka kabla ya kugusa mupira. Mutu wa kiwango hiki hafanyi vile kwa bahati mbaya. Huyu alitaka kukosa."

Hubert aligonga kioo cha studio. "Papa! Papa, ni wewe yule!"

Mji ulikuwa umesikia. Kwenye baa ya karibu na soko, wanywaji walimpigia saluti kila askari aliyepita: "Alors, mupelekee kamanda wako pole! Papa alimupatia ushindi kama vile wanapatiaka mutoto bonbon ya sukari!"

Kadidja hakukugombeza. Alikuuliza tu kwa nini.

"Niliona muchezaji," ulisema. "Sikujiona."

"Bon, tukimbilie Banalia, sasa hivi."

"Kesho niko na kipindi."

Asubuhi walishuka askari watatu. Mmoja alimwambia Kadidja kwa heshima, "Mama, tunamupeleka kutangaza." Kadidja aliingia ndani kuchukua viatu vyako. Alipotoka, gari lilikuwa limekwisha kata kona.

Hatuna kaburi la kutembelea. Tunakuombea, na hatutakusahau maadamu tuko hai: mkeo Kadidja, wanao Fatouma na Jafari, dada yako Asha, wajukuu wako wanne, pamoja na Hubert na wenzako wote wa studio. Mwaka mzima tumeuliza waliokuona. Mengi tuliyoambiwa hayakuwa na shahidi, tumeyaacha. La mwisho lililothibitishwa ni la Pierre, mchukuzi wa mizigo wa uwanja wa ndege wa Bangboka, na wenzake wawili waliokuwa naye. Saa mbili na dakika ishirini uliteremshwa karibu na uwanja huo, miguu mitupu. Ulimuuliza Pierre, "Ndugu, ndege iko inaenda wapi?"

Akakujibu, "Papa, leo hakuna ndege," na wale askari wakacheka.