Mulima wa Bakari Ndani ya Ordinatere

KITUO CHA POLISI WAMAZA, KABAMBARE
Maelezo ya shahidi, yameandikwa tarehe 17 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, mbele ya OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi) Jean-Pierre.

Jina: Asma binti Ramazani. Umri: miaka 46. Kazi: kuuza chai na mandazi. Makao: Wamaza, karibu na soko.

Mimi Asma nasema mwenyewe, sikusukumwa na mutu.

Octave namujua. Ni fundi wa radio, alitumwa kutoka Kasongo ili kituo chetu cha afya kisemezane na hospitali ya kule. Anakunywa chai kwangu na kuchaji ordinatere yake, ile kompyuta ya kukunja, kwa sababu niko na umeme wa jua. Kazi yake inanigusa. Benita, muke wa mutoto wangu, ana mimba ya miezi minane. Mutoto wake wa kwanza alifia njiani, juu ya pikipiki, na hospitali haikujua hata kama wanakuja.

Mnamo Jumanne tarehe 14, asubuhi, Octave alifungua ordinatere mezani kwangu. Mimi ni mutu wa kuuliza, hata marehemu mume wangu alinichoka. Nikauliza anachora nini. Akanionyesha kituo cha afya upande huu, Kasongo upande ule, na mustari katikati. Akasema antena mbili lazima zionane, kitu kisisimame kati yao. Akabonyeza, mulima wa jirani yetu muzee Bakari, pale anapolima muhogo, ukatokea umekatwa kama mukate, na mustari ukauingia karibu na kilele. Pale ulipoingia pakawa pekundu. Nikauliza kama inaona pia yaliyo ndani ya udongo. Akacheka, akasema ordinatere inajua urefu wa mulima tu, ya tumboni haijui.

Muzee Bakari akaingia, pekundu pangali pale. Akauangalia mulima wake, akauliza: «Hapo pekundu, ni shambani kwangu?»

Octave akajibu: «Ndiyo, muzee. Hapo hapo.»

Nilimukaribisha chai, hakunywa. Hakuuliza la pili. Ninyi munatujua: mutu aliyepita machimbo ya Salamabila, kama Bakari, haulizi dhahabu mbele ya watu, anakwenda kimya na kuchimba kabla jirani hajapata habari. Akaondoka. Nyuma yake Octave aliweka, ndani ya ordinatere, antena nyingine juu ya kile kilele, mustari ukawa vipande viwili, vyote kijani. Nilifurahi kabisa, nikamuongezea mandazi.

Jumatano asubuhi nilipanda kule kutafuta kuni. Nikamukuta Bakari na vijana wake wawili ndani ya shimo, limewafika shingoni. Muhogo wote umeng'olewa. Nikamuuliza wanafanya nini. Akasema wanachimba choo. Choo, kileleni! Siku hiyo na mimi nilikosa swali.

Alhamisi walikuwa wamepata mawe matupu. Bakari akaja hapa kushitaki kwamba Octave ameiba dhahabu yake na kumuharibia shamba. Mukamutia Octave ndani ya kasho, chumba chenu cha wafungwa, ordinatere mukaifungia, na nasikia kesho anapelekwa Kasongo. Iliniuma sana. Octave hakushika jembe. Muhogo wa Bakari uling'olewa na Bakari.

Simuchukii. Ule muhogo ni chakula cha nyumba yake, na aibu nayo ni muzigo. Lakini washeni ile ordinatere, muulize wenyewe, na Bakari akiwapo. Kuuliza si ujinga.

Neno la mwisho. Antena ya Octave inataka kusimama hapo hapo alipochimba Bakari. Mimba ya Benita haingojei kesi. Muachilieni fundi, shimo liko tayari.

Nimemaliza. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na mukiniita tena nitasema hivyo hivyo.

(Alama ya kidole gumba) Asma binti Ramazani

Maandishi ya OPJ: Shahidi amesomewa maelezo yake kwa Kiswahili na ameyakubali. Ordinatere imewashwa mbele yangu na mbele ya mushitaki. Octave ameachiwa leo hii. Mushitaki aliuangalia mustari, kisha akauliza swali lake la pili: antena ikisimama pale, nani atalipwa kuilinda?