Kibao cha Bibi Pascoe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Invercargill, New Zealand
Jina: Rahera Potae. Umri: miaka 51. Kazi: mpishi, meli ya watalii Toroa. Makazi: Bluff.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu na nasema haya kwa hiari yangu. Tiaki Potae, aliyelazwa hospitalini na mpaka sasa hajafumbua macho, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Najua mtasema damu ni nzito kuliko maji. Semeni, lakini andikeni.

Mnamo tarehe 9 Februari 2017 asubuhi tulitia nanga Kisiwa cha Enderby, huko kusini ambako hata kiangazi unavaa glavu. Abiria walishushwa pwani kwa mashua za mpira kutazama pengwini na simba wa baharini. Tiaki aliendesha mojawapo.

Kwenye mlango wa kupandia meli pana ubao wenye vibao, kila abiria na namba yake. Ukishuka unageuza kibao chako upande mwekundu, ukirudi unakigeuza upande mweupe. Kila siku kiongozi wa safari hutangaza, "Kibao chako, mkono wako." Hata mume hamgeuzii mkewe. Abiria hucheka, wanaona wamerudishwa chekechea. Mimi huwa sicheki.

Yapata saa tano upepo uligeuka, ukaanza kutoka kusini-magharibi, na nahodha akaamuru watu wote warudi. Nilikuwa mlangoni na sufuria la supu, maana kila anayerudi hupewa kikombe. Meli ilishaanza kuyumba hata hapo kwenye nanga, nikalifunga sufuria kwa kamba.

Akapanda Bwana Mervyn Pascoe, mfugaji wa kondoo mstaafu kutoka Gore. Aligeuza kibao chake, namba 40. Halafu akageuza na namba 41, cha mkewe Doreen. Nilimwona kwa macho yangu, tena karibu.

Nilimwambia, "Mzee, kila mtu na chake."

Akacheka. "Huyu angesahau hata kichwa kama kisingeota shingoni! Katangulia na mashua ya kwanza, nimeiona kofia yake ya bluu. Yuko juu anabadili soksi. Miaka yote namfungia zipu, dada, kibao ndicho kitanishinda?"

Nilicheka naye nikampa supu. Nilimwamini. Kofia za bluu zilikuwa nyingi siku ile.

Tiaki alibaki pwani na mashua ya mwisho. Nilimsikia kwenye redio ya baharia wa mlangoni, "Bado nani? Mimi huku naona mchanga mtupu." Akajibiwa, "Vibao vyote vyeupe. Rudi, au tukuache na simba wenzako." Mtu wa kampuni ya meli ameandika kwamba Tiaki aliondoka pwani bila kuuliza. Aliuliza. Naomba neno hilo liandikwe kama nilivyolisema.

Bibi Pascoe alikuwa nyuma ya majani marefu. Simba wa baharini alilala katikati ya njia, naye akasubiri aondoke, kama tulivyowafundisha wenyewe. Haya alinieleza baadaye.

Tukang'oa nanga. Nje ya ghuba bahari ilikuwa imechafuka vibaya. Nililowesha vitambaa vya meza ili sahani zisiteleze, zikateleza vilevile. Ndipo Bwana Pascoe akaja amekumbatia nguzo, akasema, "Dada, nipe tosti kavu nimpelekee Doreen. Yuko kwenu huku? Chumbani simwoni."

Tulimtafuta kila chumba. Mimi nilijua kabla hatujamaliza.

Nahodha aligeuza meli, na wakati wa kugeuka ililala ubavu hadi watu wakapiga mayowe. Tiaki alinipita akivaa nguo za kuzuia maji. Alisema, "Mimi ndiye niliyemshusha, nitampandisha mimi."

Nikamwambia, "Kwa bahari hii, Tiaki?"

"Niwekee supu, dada. Usiwamalizie hao abiria wako wazee."

Alimpata. Niliwaona wakirudi, Bibi Pascoe midomo imegeuka rangi, Tiaki anamfokea ashike kamba. Wimbi liliinua mashua ikawa sawa na mlango, Tiaki akamsukuma mgongoni, mabaharia wakamdaka. Mashua ikashuka. Ilipopanda tena ilimbamiza Tiaki kwenye ubavu wa meli, akaangukia majini. Alipovutwa juu nilimwita kwa jina lake, hakuitika.

Helikopta haikuweza kuruka. Njia nzima hadi Bluff nilikaa sakafuni kwenye chumba cha daktari, nimekaza miguu kitandani mwake asiviringike. Kila meli ilipoinama nilidhani haitainuka. Niliogopa, sifichi, lakini nilichokuwa nasikiliza ni pumzi zake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tiaki ni mchelewaji, ana mizaha, na ana deni la kumwomba radhi mama yetu. Siku ile kazi yake aliifanya.

Afande ameniuliza kama nimemwambia Bwana Pascoe. Sijamwambia. Kila siku huja hospitalini na chai kwenye chupa. Ile kofia ya bluu ya mkewe amemvalisha Tiaki kichwani, asipate baridi. Leo amenisindikiza, yuko kwenye benchi hapo nje. Amenishika mkono akasema, "Dada, siondoki hapa mpaka wamjue aliyegeuza kibao kile. Mtu wa namna ile hafai kusamehewa."

Hakumbuki. Alikigeuza jinsi mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Nilimwambia anywe chai kabla haijapoa.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo haya, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: R. Potae
Tarehe: 13 Februari 2017

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Fergus Laidlaw, nikamsomea shahidi naye akakiri kuwa ni sahihi. Kabla sijaanza kusoma aliomba mlango wa kwenye korido ufungwe. Niliufunga. Nilipoufungua, Bwana Pascoe alikuwa amesimama nje na vikombe viwili vya chai, akauliza kama tumeshapata jina.