Mguu Wako wa Kinyangiri

Baba yangu,

Shikamoo. Zamani barua zetu zilianza kwa kuulizana hali, na sasa hali siwezi kukuuliza, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nakuandikia kutoka chuoni, hapa Singida Mjini, ndani ya kile chumba cha mazoezi ulikokuwa ukiletwa asubuhi, wanafunzi wakigombania nani akushike mkono. Wamekwenda kunywa chai. Nataka kukueleza kilichotokea baada ya kukuzika, maana kinakuhusu wewe na mguu wako wa kushoto.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikulalamikia? Nafundisha tiba ya viungo, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanatakiwa kufanya utafiti. Walikuwa wanachukua kazi za waliowatangulia, wanabadilisha jina la wilaya, wanaleta. Mmoja aliniletea utafiti wa Mkalama, huku kwetu bara, wenye wagonjwa wavuvi wa baharini. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Labda walikuja kununua ng'ombe," ukasema.

Ndipo nikaanzisha kikao cha Ijumaa. Kila mwanafunzi alete swali lake mwenyewe, kutoka kwa mgonjwa aliyemgusa kwa mikono yake, na akishaona kitu aseme alichokiona, si kile anachodhani mwalimu anataka kusikia. Walimu wenzangu waliona najitafutia kazi. Mkuu wa idara alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba mwisho wa mwaka tutoe utafiti mmoja wa maana mbele ya watu. Tukishindwa, kikao kinafungwa.

Swali la kwanza lililotutoa jasho lilitoka kwako.

Sukari ilikuwa imekuharibia mguu wa kushoto na madaktari wakaukata chini ya goti. Mdogo wangu Samweli akakabidhiwa mguu ukiwa umefungwa vizuri, akaupeleka nyumbani Kinyangiri, akauzika nyuma ya zizi. Wewe ukaja kukaa kwangu Misuna, hapa mjini, ili nikufundishe kutembea upya. Kidonda kilifunga vizuri kabisa. Lakini mguu ambao haukuwepo ukaanza kuuma. "Vidole vimebanwa," ulikuwa ukisema. "Vimekunjwa, kama vinasukuma ukuta." Nikakueleza kwa kujiamini, kisomi kabisa, kwamba ubongo wako bado haujapata habari kuwa mguu umeondoka. Ukaniangalia.

"Basi uambie," ukasema.

Halafu ikatokea ile ya kiti. Tumaini, yule mwanafunzi mrefu wa Ikungi asiyejua kunyamaza, alivuta kiti akakaa mbele yako ili akuhoji. Ulikuwa umefumba macho, umejiegemeza. Ulishtuka, uso ukakunjamana kwa maumivu. "Binti, umenikalia mguu." Tumaini aliruka. Tulicheka sote, wewe wa kwanza, lakini tangu siku ile hakuna aliyeweka kitu mahali pale mbele ya kiti chako, wala ndoo wala fimbo ya kutembelea. Hadi leo wanafunzi wanapita pembeni, hata hawa wapya ambao hawakukuona. Sijui nani aliwaambia. Na mimi napita pembeni, baba.

Tukakuwekea kioo. Ni tiba inayojulikana: kioo kinasimamishwa katikati ya miguu, mgonjwa anaona mguu mzima na picha yake, anauchezesha, na polepole ubongo unatulia. Wagonjwa wengine tuliokuwa tukiwafuatilia walipata nafuu. Wewe uliinama ukautazama ule mguu wa ndani ya kioo kwa muda mrefu. Kisha ukasema taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumuudhi mgeni, "Huu si wangu. Wangu vidole vimekunjwa."

Nilimpigia Samweli simu nimuulize aliuzika vipi. Akaniambia aliutia kwenye boksi la sabuni, na boksi lilikuwa fupi, kwa hiyo aliusukuma ukaingia. "Nilikuwa na haraka, dada, watu walikuwa wanachungulia. Usimwambie baba." Aliapa hakuwa amemwambia mtu yeyote. Nikakata simu bila hata kumuaga.

Ijumaa ile nikawaeleza wanafunzi, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia tusifichane. Tumaini akanyoosha mkono.

"Madam, tunajuaje kwamba ni ubongo?"

"Vitabu vinasema."

"Na babu amejuaje habari za boksi?"

Wanafunzi wenyewe wakapanga: Samweli akafukue, aunyooshe mguu, auzike tena, siku atakayoichagua yeye, na asimwambie mtu hadi mwezi uishe. Sisi tuendelee kukuuliza kila asubuhi kama kawaida. Tulikuja kukuomba ruhusa, nikidhani utakasirika. Ukaitikia kwa kichwa, kwa furaha. "Chimbeni. Ila siku msiniambie, nisije nikawapendelea."

Asubuhi ile nilikuwa napiga pasi na wewe unakunywa uji. Uliweka kikombe chini, ukasema kitu kwa Kinyiramba chetu, kwa sauti ndogo, kama unamshukuru mtu aliyekutua mzigo kichwani. Kisha ukanigeukia. "Wameninyoosha." Ukatulia kidogo, ukiwa umeinamisha kichwa kama unasikiliza. "Ila kuna kokoto kwenye kisigino. Hiyo nayo waitoe." Pasi niliiacha juu ya gauni hadi nikasikia harufu ya kuungua. Simu ilikuwa mezani na sikuigusa, maana ndivyo tulivyokubaliana. Tumaini alipokuja kukuuliza ulimwambia hakuna maumivu, na ukamwomba aongeze sukari kidogo kwenye uji. Akakukatalia.

Mwezi ulipoisha Samweli akaitaja siku. Ilikuwa siku hiyohiyo. Aliichagua kwa sababu ilikuwa siku ya mnada, majirani wote wamekwenda, asije akaonekana anafukua nyuma ya zizi akaitwa mchawi. Mchwa walikuwa wameshalila boksi, lakini vidole vilibaki vimekunjwa. Akavinyoosha kimoja kimoja. "Dada, ulilegea mkononi mwangu kama mtoto aliyeshikwa na usingizi." Habari ya kokoto sikumuuliza. Alinieleza mwenyewe kwamba alikuwa ameshaanza kufukia, akasita, hajui kwa nini, akarudisha mkono chini ya kisigino akaitoa.

Mguu ule haukukuuma tena. Sukari ndiyo iliyokumaliza, kwa njia nyingine. Tuliufukua tena, tukakuzika nao Kinyangiri, kaburi moja, na mimi ndiye niliyeuweka mahali pake. Niliogopa, baba. Mkono wangu ulipogusa sanda ndogo tuliyouzungushia nilisikia joto. Labda ni jua. Lilikuwa kali siku ile.

Sasa sikiliza. Utafiti wetu wa kioo ulikamilika, na ulikuwa mzuri. Wagonjwa karibu wote walipata nafuu. Ni wewe tu uliyekataa kioo na kuponea nyuma ya zizi. Mkuu wa idara aliniita ofisini. Si mtu mbaya, na alizungumza kwa upole. "Mwalimu, mtoe huyu mgonjwa mmoja. Tena ni baba yako. Tutaonekana washirikina, na hicho kikao chako kitafungwa kwa aibu." Nilimjibu nitafikiria. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakubali moyoni. Ana hoja: mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, na mimi ni mwanao. Nilirudi kwa wanafunzi nikawaambia tutamtoa babu. Wakainamisha vichwa wote, kwa heshima, isipokuwa Tumaini.

"Sawa, Madam. Na mwakani nikipata wangu asiyekubaliana na kitabu, namtoa na yeye?"

Nilimwambia atoke nje. Akatoka. Nikabaki nimesimama mbele ya wale waliobaki, na hakuna aliyeniangalia usoni. Walikuwa tayari kuandika chochote nitakachotaka. Nilitoka nikamrudisha ndani.

Jana tuliusoma utafiti ukumbini, mbele ya watu. Nikafika kwako. Nilisema yote: boksi, siku ya mnada, kokoto. Nikasema pia huenda Samweli aliropoka ukasikia, huenda siku ziligongana tu, huenda maumivu yalikuwa yanaelekea kuisha yenyewe. Watu wa nyuma wakacheka. Mzee mmoja wa wizarani akauliza, "Kwa hiyo unatushauri tufukue?"

"Sijui," nikamjibu. "Nasema tulichokiona."

Kisha wanafunzi wakaanza kuuliza maswali, hadi wale wa mwaka wa kwanza ambao huwa hawafungui mdomo. Mmoja anataka kujua kama wengine waliokatwa miguu wanajua ilikozikwa. Swali zuri hilo, na linanitisha.

Mkuu ameondoa jina lake kwenye utafiti. Uamuzi wa kufunga kikao utatoka wiki ijayo, na sina matumaini makubwa. Nimekukumbuka sana, baba. Ungekuwepo ungenitania tukacheka, nami ningepata usingizi. Lakini jina la kijiji chetu limeandikwa pale, na wewe umo, pamoja na mguu wako. Nilikuzika mara moja kwa sababu nililazimika. Kukuzika mara ya pili nimekataa.

Pumzika, baba. Wanafunzi wanarudi, nawasikia kwenye korido.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.