Mjamzito wa Fungate

Dada Rehema mpenzi, pokea salamu zenye vumbi la Dodoma na mapenzi tele.

Fungate letu ni tamu kuliko zabibu za huku. Mke wangu, muuguzi anayesomea uzamili wa ukunga, kesho anarudia mtihani wa vitendo. Alifelishwa kwa kumpima mjamzito bila kumsemesha. Basi mjamzito wake ni mimi, mto tumboni. "Pumua, mama, niko nawe." Sijawahi kuitwa mama kwa mahaba hivi.

Jana niliguna mpaka mwenye nyumba akabisha hodi.

"Nani anaumwa?"

"Mume wangu anajifungua, mama."

"Mwambie anyamaze. Wenzake tulizaa kimya."

"Kwangu anaruhusiwa kulia," akajibu malkia wangu.

Asubuhi mama huyo akaniletea uji wa pilipili manga, ule wa wazazi.

Muombee wifi yako. Nakukumbatia,
Juma