Betri ya Hamisi

Nkowe, Jumatatu usiku

Mkono bado unaniuma kwa kumpiga mdogo wangu Hamisi kwa mchi.

Alisikia redioni kuwa meli zilizobeba betri kubwa zikitia nanga bandarini na kuunganishwa na nyaya za mji huurudishia mji umeme. Leo tawi la mkorosho lilikata waya wetu wa kutoka nguzoni. Hamisi akaingia kwa mlango wa nyuma, akachomeka betri ya bodaboda yake na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, kwenye soketi, bila kuzima swichi kubwa. Umeme ukapanda mpaka nguzoni, ambako mume wangu alikuwa anaunga waya. Akarushwa chini kama gunia.

"Dada, nilitaka kukuwashia taa tu," Hamisi alilia, meno yamejaa damu. Nikampiga tena.

Mume wangu yuko hospitali Ruangwa, hajafumbua macho. Hamisi kajifungia chumbani. Mchi nimeuosha, ila sijaurudisha jikoni.