Nimekisujudia kichwa cha nguruwe

Sukyeong, nimeharibu kazi yangu ya kwanza ya uandishi wa habari tangu niache kazi ya filamu.

Nilikwenda kwenye tambiko la kuombea heri upigaji wa filamu mpya ya mwongozaji Tak, ambapo kila idara huitwa kusujudu mbele ya kichwa cha nguruwe, ili niandike jinsi anavyowatesa wafanyakazi wake. Ikaitwa idara yangu ya zamani, "Idara ya utayarishaji!" Miguu ikanitangulia. Nikasujudu mbele ya kichwa hicho. Nikasujudu, Sukyeong, kama nilivyofanya kwa miaka tisa nilipokuwa mmoja wao.

Tak akacheka: "Kumbe bado u wetu, dada! Sasa utatusemaje vibaya?"

Picha yangu nikisujudu imeshamfikia mhariri wangu. Ameniuliza, "Wewe ni mwandishi, au ni mtu wao?"

Nimejibu kwamba ni mazoea tu. Sikumwambia kuwa, paji la uso likiwa sakafuni, niliomba kwa dhati mvua isiwanyeshee siku za kupiga filamu.